Wimbo wa Gari, Mwendo wa Miguu

Wimbo ule nilikuwa nimeuchoka. Ukiimba wimbo mmoja kila Jumapili, masika nenda masika rudi, unakuwa kama sufuria ya ugali: huioni tena, unaiosha tu na kuiinamisha. Lakini watu wa Kakamega hawakuwa na habari ya uchovu wangu. Kabla sijamaliza kufunga kitambaa kichwani mtu alikuwa ameshapaza sauti kutoka nyuma, "Mama Khalayi, tupe wa gari!" Nami nikawapa wa gari.

Tuliuita hivyo kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye jalada la santuri: vijana wa Kizungu wameegemea gari jekundu, suruali zimewabana mpaka unawahurumia. Ulikuwa wimbo wa roki uliovuma miaka ile, Ulaya na Marekani na kila mahali palipokuwa na stima. Maneno yake ni ya kijana anayemwambia msichana kwamba anaondoka na gari lake, asimngojee. Basi, hakuna zaidi. Kiingereza nilikisoma cha kutosha kujua kwamba kijana huyo alijaa majivuno na hakufunzwa adabu kwao.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa nikishona kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na Jumapili mchana nilikuwa nikiimba katika bendi ya mume wangu, kwenye dansi zile za mchana tulizoziita bugi. Mume wangu ni Erastus. Alianza maisha kwenye msumeno wa mbao upande wa Buyangu, baadaye akawa seremala hapa mjini, na gitaa alikuwa nalo tangu kabla hajanioa. Ngoma alipiga Barasa, mtu mkubwa wa kucheka ovyo. Gitaa la besi alikuwa nalo Ayub wa Mumias, ambaye hakupata kugusa uzi bila kusema bismillahi, hata wimbo wenyewe ukiwa wa kusifu pombe.

Wimbo wa gari tulijifunzia nyumbani kwetu Amalemba, wakati wa mvua, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya mlingotini. Nyumba haikuwa na stima. Tulikuwa na gramafoni ndogo ya kutumia mawe, maana betri za tochi na redio sisi tunaziita mawe, na mawe yenyewe yalikuwa yamechoka. Sauti ya yule kijana ilitoka nzito na ya chini, pole pole, kama ya mwanamume aliyetoka kuzika na anatafuta njia ya nyumbani. Ayub alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Huyu jamaa ameonanga mambo," alisema. Nasi tukaupokea hivyo hivyo. Kwa nilivyojua hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia kwingine, kwa sababu redio yetu ilikuwa ya taarifa ya habari na salamu, na idhaa ya Kiingereza hatukuwa tukiifungua.

Sasa, hata mtoto wa Kakamega anajua kwamba mawe yakichoka unayaanika juani, yanapata nguvu ya siku nyingine. Erastus mwenyewe alikuwa akiyapanga mawe ya redio juu ya mabati ya jiko kila asubuhi jua lilipochomoza. Yakikataa kabisa kufufuka ndipo aliyahamishia kwenye gramafoni, na hayo hakutaka yaguswe.

"Hayo wacha," aliniambia siku nilipotaka kuyatoa nje. "Jua inaharibunga mashine."

"Jua la redio na jua la gramafoni ni tofauti, Baba Khalayi?"

Alikuwa ameinama juu ya gitaa, anatafuta sauti. Nikasema moyoni mume wangu ana mkono wa birika kuliko nilivyodhani, nikaenda kupika.

Miezi hiyo hiyo alinitaka nimshonee mashati ya kuvaa kwa kichwa, yasiyo na kifungo hata kimoja. "Vifungo ni mambo ya mkoloni," alisema, tukacheka. Nilimshonea ya kitambaa kizuri, nikatia taraza shingoni, na wanawake wenzangu sokoni nikawaambia waume zao waje niwavue ukoloni. Nilipata wateja kwa ajili ya kifua cha mume wangu, na nilijivuna.

Alivyoupiga wimbo ule ndivyo nitakavyoukumbuka. Alipiga kwa mtindo wa kwetu, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikijibu kwenye nyembamba. Katikati aliacha nafasi, uzi ukalia peke yake hata ukanyamaza, ndipo aguse mwingine. Barasa naye aliona fimbo za ngoma zina kelele mno, akaziweka chini, akawa anakwaruza chupa ya soda kwa msumari. Vijana walikuja kwenye bugi wakiwa tayari kurukaruka, wakajikuta wamesimama wanashikana mabega. Karani mmoja wa serikali aliwahi kuniambia tumeugeuza vizuri sana. Nilidhani anasifu sauti yangu, nikamshukuru nikapita.

Mjane mmoja wa Shianda alikuja kututafuta tukaupige kwenye mazishi ya mume wake. Nilimvuta kando nikamweleza, kwa heshima, kwamba ni wimbo wa gari na kijana mjeuri. Akaniambia, "Wewe imba tu, mama. Mimi najua inasema nini." Basi tuliimba hapo kando ya kaburi, saa saba mchana, na nilipofika kwenye *usiningoje* yule mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejibu. Siku hiyo sikuuchoka. Lakini siku kama hiyo ni moja.

Kisha akaja Bwana Cleophas, afisa mpya wa ustawi wa jamii kutoka Nairobi. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki umchukie. Alikuja kwenye bugi yetu akakaa na soda yake, na tulipomaliza wimbo wa gari akatufuata jukwaani anacheka, lakini bila dharau.

"Mnapiga vizuri sana," alisema. "Lakini wimbo huu nani aliwafundisha? Mbona mmeulaza usingizi?"

Barasa akamwambia tumeutoa kwenye santuri yenyewe, neno kwa neno.

"Basi njooni kesho ukumbini," alisema. "Niwasikilizishe."

Ukumbi huo ulikuwa umejengwa upya, na Erastus alikuwa mmoja wa maseremala waliouwekea jukwaa. Mbao zile alizichagua mwenyewe, akazipiga randa mpaka ungezipitishia kitambaa cha hariri kisikwame. Ukumbi ulikuwa unatafuta bendi yake ya kudumu, ya kupiga kila Jumapili, na kwa muda mrefu Erastus hakuwa na ndoto nyingine. Aliwahi kuniambia, tena mtu huyu si wa maneno mengi, kwamba akizeeka angependa kuzeekea juu ya zile mbao. Kwa hiyo tulipoingia pale siku ya pili, mimi na Barasa na Ayub na Chrispinus, mwalimu kijana aliyekuwa ameanza kutusaidia gitaa la pili, Erastus alipanda kwanza jukwaani akakanyaga huku na huku. Alitaka kusikia kama limelegea.

Bwana Cleophas akachomeka gramafoni yake ya stima, akateremsha sindano.

Ewe Mola! Yule kijana alitoka mbio kama aliyemwagiwa nyuki. Sauti nyembamba, ya juu, ya mvulana anayejua anapendeza. Magitaa yalikuwa yanakimbizana, ngoma zinapigwa kama mtu anayebomoa mlango. Wimbo niliokuwa nikiuimba hata wanawake wakafuta macho ulikuwa umekwisha kabla sijajua mahali pa kuvutia pumzi. Barasa alicheka mpaka akaketi sakafuni. Ayub alivua kofia yake, akaishika mkononi. "Subhanallah," alisema. "Kumbe ni mtoto!"

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Bugi zote zile, arusi zote, na maiti wa watu tumemwimbia kwa mawe mabovu! Nikamgeukia Erastus nimwone naye ameaibika, tuaibike pamoja. Hakuwa ameshangaa. Alikuwa anatazama mikono yake, ameipakata magotini kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvishika.

Chrispinus alikuwa ameshachukua gitaa. Santuri ilipowekwa mara ya pili alikuwa anaifuata, na mara ya tatu alikuwa anakwenda nayo sawa. Kijana alikuwa na vidole, lazima niseme.

"Huyo ndiye," akasema Bwana Cleophas. "Kamati ya ukumbi itakaa Jumapili ijayo isikilize bendi zote. Mpige mmoja wa kwenu na huu mmoja wa kigeni. Lakini mtu akipiga wimbo wa watu aupige kama ulivyo. Watu wa mjini wameanza kununua santuri zao, mama. Hawatakubali kudanganywa."

"Sawa," akasema Erastus. Akamwambia Chrispinus ashike gitaa la kwanza, yeye atashika la pili. Alisema kwa upole, na mimi nikamkasirikia kwa sababu ya upole huo.

Wiki ile tulifanya mazoezi ya mbio. Nilikuwa nikitoka kwenye cherehani mgongo umekufa, nafika nyumbani, nakimbizana na wimbo. Nilikosa pumzi. Maneno yaligongana mdomoni, yakawa kelele tu. Barasa alipiga ngoma zake kwa bidii lakini hakucheka tena, na Ayub aliangalia mlangoni kama mtu aliyeacha chungu motoni. Erastus alikaa kwenye kiti, akapapasa gitaa la pili mara moja moja pale Chrispinus alipohitaji kujazwa.

Kazi yangu imenifundisha jambo moja. Wateja huniletea picha iliyokatwa gazetini, mwanamke wa Ulaya mwembamba kama fito, wanataka gauni lile lile. Ukilikata kama lilivyo pichani halipiti mabegani, mteja analia, analaumu kitambaa. Inabidi uitazame picha vizuri, uipende, halafu uiweke kando umpime aliyesimama mbele yako. Niliyajua haya kwa nguo, ila sikuwa nimeyafikiria kwa nyimbo. Nilikuwa nimechoka mno kufikiria.

Ijumaa jioni jua likiwa bado lipo nilikuwa barazani nyumbani namalizia shati la mteja, mtu wa mwili kama wa Erastus. Shati la ofisini, la kola na vifungo. Erastus alikuwa amerudi kazini, anakunywa chai.

"Baba Khalayi, jaribu hili nione kama linakaa."

"Kesho."

"Mwenyewe anakuja kesho asubuhi. Livae tu, halitakuuma."

Alilivaa. Akanipa mgongo, akasogea upande wa dirisha. Nilingoja na sindano mdomoni. Nilingoja tena. Viwiko vyake vilikuwa vinatikisika kidogo, kama vya mtu anayefungua fundo gizani, na hakugeuka. Nikainuka nikamzunguka. Kifungo cha kwanza kilikuwa bado hakijaingia tunduni. Vidole vyake vilikuwa vinakishika, kinateleza, vinakishika tena, vimevimba kwenye viungo na kupinda upande, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Nilikuwa najua ana baridi yabisi. Asubuhi za baridi alikuwa akiitia mikono yake kwenye maji moto, naye alikuwa akiniambia, "Nikishika gitaa zinafunguka." Nilimwamini kwa sababu kila Jumapili nilimsikia. Sasa nilisimama pale nikayaona mashati yangu yote ya kuvaa kwa kichwa, na taraza zake, na kelele zangu sokoni. Halafu nikayaona mawe juu ya mabati, ya redio upande huu, na ya gramafoni ndani gizani yasiguswe.

"Ulijua," nikamwambia. "Wimbo ulijua ni wa mbio."

Akaketi, shati limefunguka.

"Niliisikia kule Buyangu," alisema, "kwa nyumba ya yule mzungu wa mbao, kabla hajaenda kwao. Ilikuwa inakimbia. Nikaipenda, Mama Khalayi, nikaipenda vibaya. Akaniachia santuri. Nikajaribu, nikajaribu. Vidole ikakataa. Siku moja mawe ikachoka, wimbo ikaanza kutembea kwa miguu. Nikashika gitaa. Vidole ikafika. Zote zilifika! Nikasema basi, mawe ikae hivyo hivyo."

"Na mimi?"

"Wewe uliimba vizuri kuliko yule mzungu."

"Sikukuuliza niliimbaje."

Nilikasirika, tena nilikasirika vibaya. Mwaka mzima na nusu wa maisha yangu nilikuwa nimeimba wimbo uliokatwa kwa kipimo cha mkono wake, na mimi mke wake, mimi fundi, sikuambiwa kipimo ni cha nani. Alikuwa amenifanya mgeni nyumbani kwangu. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika, na majirani wa Amalemba walisikia kwa raha yao. Yeye alikubali yote kwa kichwa. Mwisho akasema, "Usiambie hao wengine. Jumapili ikipita gitaa nitamwachia mwalimu. Mimi nitawabebea vyombo."

Hapo hasira iliniishia yote kwa mara moja, nikabaki nimechoka tu. Nilimvua shati la watu kabla halijaingia jasho, nikalikunja. Sikulala vizuri siku ile wala ya pili yake.

Jumapili ukumbi ulijaa. Bendi kutoka Kisumu ilipiga kabla yetu, na ilipiga roki yake kama santuri hasa, hata ungedhani sindano iko mahali fulani. Watu walipiga makofi. Bwana Cleophas alikaa mbele na wanakamati wenzake, amefurahi.

Tukapanda. Wimbo wa kwetu ulikwenda salama. Kisha Chrispinus akasogea mbele na gitaa la kwanza, Erastus akarudi nyuma kwenye kiti chake, karibu na ukingo, juu ya mbao alizozipiga randa. Nilimwona anazigusa kwa kiatu. Mtu aliyeagana na mahali unamjua tu, na nikaona kwamba akishuka pale hatapanda tena, wala pale wala penginepo. Barasa akainua fimbo zake ahesabu.

Sikumngoja. Nilifungua mdomo nikaanza peke yangu, pole pole, kule chini tulikoukuta wimbo kwa mawe yaliyochoka.

Barasa alibaki fimbo ziko hewani. Chrispinus akajaribu kuingia, sauti haikupatana, akajaribu tena. "Mama, si hapo," akaninong'oneza. Nikaendelea. Wa kwanza kunifuata alikuwa Ayub. Nilisikia bismillahi yake, halafu besi ikaingia chini yangu mahali pake pa zamani. Barasa akatupa fimbo, akainama kutafuta chupa, hakuwa nayo. Akamnyang'anya mzee mmoja wa mbele soda yake, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akachomoa msumari mfukoni. Watu wakacheka, na kicheko kikafa, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye *usiningoje*.

Baada ya neno hilo siku zote ndipo gitaa la Erastus lilipojibu. Nilinyamaza. Nikageuka nikamtazama, mgongo wangu kwa kamati nzima. Gitaa lilikuwa mapajani mwake na mikono iko juu yake, haijafanya kitu. Ayub alizungusha besi pale pale, mara ya kwanza, mara ya pili. Chrispinus alishusha gitaa lake, akarudi hatua moja pembeni. Sijui kama kijana alielewa, lakini alirudi. Ukumbi mzima ulikuwa unanisubiri niimbe, na mimi sikuwa na nia ya kuimba. Mahali pale palikuwa pake. Kama angepaacha wazi, basi pangebaki wazi mpaka wafunge milango.

Erastus alinitikisia kichwa, hapana. Mimi nikamwitikia, ndiyo. Tulibishana hivyo mbele za watu, mume na mke, bila neno.

Halafu gumba likagusa uzi mnene. Likangoja. Kidole cha shahada kikaja kwa taabu, kikakosa, kikarudi kikapata. Mikono ilikuwa ya baridi siku ile, na wimbo ulikwenda pole kuliko tulivyowahi kuupiga, na zile nafasi zake zikawa pana hata nikasikia mtu akikohoa nje barabarani. Mahali aliposhindwa kufika nilimwekea sauti, bila maneno, mpaka akafika. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Watu hawakucheza. Walisimama, wa nyuma kwanza, wakabaki wamesimama tu mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza.

Ukumbi walipewa wale wa Kisumu. Bwana Cleophas alikuja kutuambia mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, wimbo ulikuwa mzuri. Sijui niseme nini. Lakini sio niliowaomba."

"Sio," nikamwambia. "Ni kweli."

Chrispinus aliwafuata wale wa Kisumu mwezi uliofuata, na tulimuaga vizuri. Sisi tuliendelea na arusi na mazishi na bugi za barazani, na siku mikono ilipokuwa mibaya Erastus alipiga kwa gumba peke yake. Bado wananiitisha wa gari. Bado naimba nikiwa nimechoka, ila najua ninamngoja nani na wapi.

Lakini nilitaka kukueleza asubuhi ya Jumatatu ile. Niliamka nikakuta redio imefunguliwa mgongo, haina kitu tumboni. Nje jua lilikuwa limetoka. Juu ya mabati ya jiko yalikuwa yamepangwa mawe ya gramafoni, yale mabovu, yanaota jua kwa mara ya kwanza. Ndani wimbo wa gari ulianza kupigwa kwa mawe mazima ya redio, mbio zake zote, kijana na majivuno yake.

Erastus alikuwa amesimama karibu na gramafoni. Alikuwa amevaa shati la zamani, la kabla ya uhuru, la kola na vifungo, limetoka chini ya sanduku na linanuka dawa ya nondo. Lilikuwa wazi mpaka tumboni. Hakunipa mgongo.

"Mama Khalayi," akasema, "nifungie."

Nikaanzia chini. Vifungo vilikuwa vidogo, na matundu yalikuwa yamekaza kwa kukaa. Wimbo ukaisha kabla sijafika kwenye kola. Tuliiacha santuri izunguke na mlio wake, nikamaliza.